Kasha Nililolisifu Bila Kulifungua

Juma lililopita mliniacha nimeshika kitasa cha mlango wangu, nje mtu anabisha kama askari. Kabla sijafungua, nimwambie machache aliyejiunga nasi leo, asije akadhani nalia bure.

Jina langu Gobnait. Miaka kumi na tisa sasa, katika gazeti hili hili, ukurasa wa kumi na moja, napima seti za kadi za ramli za Kiselti: ile miti ishirini ya wahenga wetu, kila mti na kadi yake, kila kadi na ukurasa wake kitabuni. Wachapishaji huniletea sampuli kwanza. Nikisema nzuri, wanachapa. Nikisema mbovu, wanarudi kuchora.

Miaka minne iliyopita nilipima seti ya kwanza ya binti yangu, Nessa. Niliandika kwamba rangi zake ni za mtoto wa chekechea, na kitabu chake hakikai wazi mezani mpaka ukikalie. Nilisema kweli tupu. Nikajisifu mitaani kwamba sipendelei hata damu yangu.

Nessa akaacha kunisemesha. Aliolewa, sikualikwa. Alizaa, nikasikia kwa muuza nyama.

Februari mwaka huu seti yake ya pili ikaja kwa posta. Niliona jina lake juu ya kasha. Jicho langu nalijua: likiona kasoro, mkono utaiandika. Basi sikulipa jicho nafasi. Sikulifungua kasha. Nililisifu kuanzia juu mpaka chini, nikapeleka kwa mhariri, na wiki tatu baadaye Nessa alikuwa mlangoni kwangu na mtoto mikononi.

Hapo ndipo tulipofika. Nimempata binti yangu, mjukuu ananyamaza akisikia sauti yangu, na mlango unabishwa.

Nikafungua.

Alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, koti la mvua, nywele hazijaona kitana. Kwapani amebana kasha la kijani. Nililitambua mara moja.

"Wewe ndiye Gobnait wa kadi?"

"Ndimi. Karibu."

"Sikuja kukaribishwa. Naitwa Attracta, natoka Corofin. Mama yangu anakufa, na wewe ndiye uliyemuua."

"Basi ingia unihukumu ukiwa umekaa," nikasema.

Nikaweka birika motoni. Huku kwetu hata mtu akija kukulaani, chai kwanza. Alikaa ukingoni mwa kiti, kasha magotini, koti hakulivua.

"Mimi nimekulia London," akasema. "Nimerudi mwaka jana kumuuguza mama. Mapafu. Ana miaka themanini na minane. Miti siijui, Bi Gobnait, mimi najua mabasi. Nikanunua hili kasha kwa sababu yako. Kipande cha gazeti ninacho, ngoja."

Akakitoa mkobani, akakinyoosha juu ya goti, akasoma kama hakimu: "'Hakuna kasoro hata moja. Kila kadi nimeifungisha ndoa na ukurasa wake, na ndoa zote ishirini zimekubali.' Haya ni maneno yako?"

"Ni yangu."

"Kufungisha ndoa maana yake nini?"

"Kuziweka kadi zote mezani kwa mpangilio," nikasema, "halafu kusoma kila ukurasa wa kitabu huku unaangalia picha yake. Ili picha na maneno visigombane."

"Vizuri. Basi nisikilize. Nilivuta kadi ikatoka ya pili, mrowani. Kitabu kinasema mrowani ni mti wa ulinzi. Kinasema ukiwa na maua, kata tawi ulitundike juu ya kitanda cha mgonjwa au cha mtoto mchanga, baya lolote halivuki. Nikaitazama picha. Nikatoka nje, nikaona mti wa vile vile ukingoni mwa barabara, maua meupe vile vile. Nikakata, nikatundika. Mama amelala."

Chai aliyomiminiwa hakuigusa.

"Akaamka akaangalia juu. Unajua alisema nini?"

Nilikuwa nimeanza kujua. Nikashika ukingo wa sinki.

"Alisema, 'Attracta, nani ameingiza mwiba mweupe ndani ya nyumba yangu?'"

Mtu wa mkoa wetu wa Clare hahitaji maelezo hapa. Mwiba mweupe ni mti ulio kila ukingo wa shamba, na Mei nzima umevaa nguo ya harusi. Utauangalia, utaunusa, utapita. Mlangoni hauingii. Ukiuingiza ndani, umeingiza jeneza. Marehemu mama yangu hakuamini benki wala wanasiasa, lakini mwiba mweupe aliuamini.

"Tangu Jumatatu hali chakula," Attracta akaendelea. "Amegeukia ukuta. Ameitisha padri. Padri akacheka, akasema, 'Haya ni maua tu, Bi Bridie.' Mama hakucheka. Daktari anasema mapafu yanapona vizuri. Lakini mtu akishakata shauri la kufa, dawa utampa kwa mlango gani?"

"Nije nimwone?"

"Umwambie nini? Wewe andika! Mama hamwamini padri, hamwamini daktari, gazeti analiamini. Andika kwamba kadi hii ni ya uongo, mchoraji kakosea, na jina lake uliweke. Nimsomee kwamba ni upumbavu wa mtu fulani, wala hakuna aliyemtakia mauti. Pengine atafungua mdomo hata kwa kijiko cha supu."

"Na nisipoandika?"

Akasimama. "Leo Alhamisi. Jumatatu asubuhi nitakuwa kwa mhariri wako na kasha hili. Nitasema nani alipitisha." Mlangoni akageuka. "Dukani sikuwa peke yangu. Mbele yangu kwenye foleni kulikuwa na msichana ana mimba ya miezi minane. Naye alikuwa na kasha kama hili. Lala salama, Bi Gobnait."

Ilikuwa saa tano asubuhi.

Sampuli yangu ilikuwa bado kabatini, nyuma ya mashuka, na nailoni yake. Nikaikata kwa kisu cha mkate.

Nisikilizeni, nimepima seti mia mbili na zaidi. Nilipoinua kifuniko na kukirudisha, kikashuka chenyewe taratibu, kikitoa pumzi, nilijua nimeshika kazi ya fundi. Kadi nzito. Nikaikunja moja, ikarudi ilivyokuwa. Nikasugua wino kwa kidole chenye mate, haukutoka. Migongo sawa, huwezi kujua ipi imegeuzwa. Nikafungua kitabu katikati nikakiacha mezani: kikakaa wazi chenyewe, kimetulia kama paka.

Kila neno la ukali nililoandika miaka minne iliyopita, mwanangu alilishika na kulifanyia kazi. Kila neno. Rangi, pembe, uzi wa kitabu. Nililia mpaka nikaona haya, na jikoni nilikuwa peke yangu.

Halafu nikaitoa kadi ya pili.

Chini imeandikwa mrowani. Juu yake ni mwiba mweupe, hata kipofu angeujua kwa kupapasa: maua yamejaa, majani yamechanika vipande vitatu vitatu, miiba mirefu imechorwa mmoja mmoja. Na tawi lile halikuwa mtini. Lilikuwa ndani ya jagi, dirishani. Jagi la mistari ya buluu, mpini umevunjika ukagandishwa kwa gundi ya mbao.

Jagi lile nilikuwa nalijua. Niligandisha mpini ule mimi.

Nikakaa chini sakafuni.

Lazima sasa niseme jambo ambalo hata padri sijamwambia. Nessa alikuwa na miaka sita. Tulikuwa tunaishi shambani, nje ya Kilfenora, mimi na mume wangu Malachy na mama yake, Honor. Ilikuwa Mei, siku ya kuzaliwa ya Malachy, anatimiza thelathini na minane. Mtoto akatoka asubuhi, akarudi na tawi la mwiba mweupe kubwa kuliko yeye, akalitia kwenye jagi, akaliweka dirishani. Zawadi ya baba.

Nilitaka kulitupa. Malachy akaingia kwa chakula cha mchana, akaliona, akanikonyeza. "Liache," akasema. "Mtoto kaniletea maua, wewe umeniletea nini?" Akala viazi na nyama ya nguruwe, akambusu mtoto utosini, akaenda kwa ng'ombe. Saa tisa walimkuta kwenye geti la malisho. Moyo, daktari alisema.

Jikoni kukajaa majirani. Honor akaingia, akaona dirisha, akasimama katikati ya watu wote.

"Nani ameingiza hilo?"

Nessa akainua mkono. Aliunyoosha juu, vile mwalimu alivyomfundisha.

Nikasema, kabla sijajua nasema: "Huo ni mrowani, mama. Ule wa nyuma ya zizi."

Honor alikuwa na miaka sabini na mbili, yote ameishi katikati ya miti ile. Alinitazama mimi. Akamtazama mtoto, mkono bado uko juu. Akasema polepole, "Aa. Mrowani. Macho yangu siku hizi mabovu." Akauchukua mkono wa mtoto akaushusha. Alikufa miaka mitatu baadaye na siri yangu mdomoni, Mungu amlaze pema.

Mwezi haukwisha nikahamia mjini Limerick, fleti ya ghorofa ya nne, dirisha linatazama maegesho ya magari. Watu walisema nimekimbia huzuni. Nilikuwa nakimbia miti. Sikutaka mtoto aje auone mti ule ukichanua akajua ni upi.

Je, ua linaua mtu? Mnaniuliza mimi? Mchana najua haliui. Lakini sikutaka mtoto wa miaka sita akue akijiuliza swali hilo.

Sasa oneni nilivyobanwa. Nisipoandika, bibi wa Corofin anakufa njaa akitazama ukuta, na yule msichana wa foleni anatundika tawi juu ya kitanda cha mwanawe. Nikiandika, Nessa ataniuliza: kosa liko wapi? Na nikimwonyesha kosa, nimemwonyesha jikoni ile, na jagi, na mkono wake ulioinuliwa.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Yangu yalikuja na mjukuu mwenyewe.

Usiku kucha niliutengeneza uongo mwingine. Asubuhi ulikuwa umeiva: nitasema wachapishaji wake wa Dublin wamechanganya picha. Mrowani wake mzuri umepotea kiwandani, pakaingia picha nyingine. Nessa atawakasirikia wao, gazeti litawalaumu wao, bibi atakula supu. Nikaoka mkate wa soda, nikaufunga kwa taulo, nikapanda basi la Ennistymon, anakokaa Nessa.

Nessa alinipokea na unga mashavuni.

"Mama! Si ungepiga simu, ningekufuata kituoni."

"Nimekuja na mkate."

"Nami naoka. Tutafungua duka." Akacheka. Miaka minne sikuwa nimekisikia kicheko kile. "Senan amelala. Nenda kamchungulie, ila ukimwamsha utambeba wewe mpaka jioni."

Nikaenda chumbani kwa vidole vya miguu. Mtoto amelala chali, ngumi mbili masikioni, miezi mitano ya dunia. Nikainama nimbusu.

Harufu ikanipiga kabla sijaona. Ile harufu tamu iliyooza kwa mbali.

Nikainua macho. Juu ya kitanda, kwenye msumari, kwa utepe mwekundu: mwiba mweupe, umechanua wote, petali zimedondokea blanketi la mtoto.

Sikufikiri. Nililirukia tawi kwa mikono yote miwili. Mwiba ukaingia kwenye kiganja, utepe ukagoma kukatika, nikavuta mpaka msumari ukatoka na chokaa ya ukuta. Nikawa napambana na dirisha kwa kiwiko kimoja, tawi nimelikumbatia, damu inanitiririka kwenye mkono.

"Ukimaliza kumwibia mtoto maua yake," Nessa akasema mlangoni, "chai iko tayari."

Nikageuka. Tabasamu alikuwa nalo bado. Aliponiona uso, likaondoka.

"Mama, una nini?"

"Hili halifai. Mtoto atapiga chafya. Chavua."

"Chavua."

"Ndiyo, chavua."

"Umeng'oa msumari ukutani kwa ajili ya chavua?"

Basi nikautoa uongo wangu nilioukanda usiku kucha. "Nessa, mwanangu, kaa kitako. Dublin wamekuharibia kazi. Picha zimechanganyika huko kiwandani. Ile kadi ya pili si picha yako. Wamekutilia nyingine. Wewe huna kosa lolote, na nitaandika hivyo, ukurasa mzima, kwa jina langu."

Hakukaa.

"Hakuna aliyechanganya picha," akasema. "Ile nimechora mimi."

"Basi umechoka, mama mzazi huchoka, mtu akinyonyesha..."

"Nimechora mimi, Mama. Jagi la nyumbani. Tawi la siku ile. Mwiba kwa mwiba."

Alisema hivyo kwa sauti ya chini, kwa ajili ya mtoto. Akanishika kiwiko, akanitoa chumbani mpaka jikoni. Mikate miwili ilikuwa mezani, wake na wangu. Akanikalisha.

"Nilikuwa na miaka kumi na miwili," akaanza. "Shule ilitupeleka kwenye nyanda za mawe za Burren kwa siku moja. Mwalimu akatuonyesha mrowani. Akasema mrowani hauna miiba. Nikanyamaza kimya kwenye basi mpaka Limerick. Kwa sababu siku ile ya baba nilichomwa. Kidole hiki. Baba aliniona nalia akanifyonza damu, akasema zawadi nzuri lazima iume kidogo. Unakumbuka?"

Sikujua hilo. Malachy hakuniambia. Hakuwa na muda wa kuniambia.

"Nikajiambia mwalimu amekosea. Ningeweza kufungua kitabu chochote cha miti nikajua ndani ya dakika moja. Sikufungua. Hii miti ishirini nimeinakili kutoka vitabuni, wa pili tu ndio niliokataa kuutafuta. Niliogopa, Mama. Miaka kumi na tisa nimeogopa mti."

"Nessa..."

"Subiri. Halafu ukaniandika vile gazetini. Mtoto wa chekechea. Nililia wiki nzima, nikakuchukia mwaka mzima. Baadaye nikapata akili. Nikasema, huyu mwanamke hawezi kusema uongo hata kwa kunihurumia. Mtu wa hivyo akikwambia kitu ni mrowani, ni mrowani. Huyu ndiye wa kumuuliza."

Akavuta pumzi.

"Kukuuliza kwa mdomo nilishindwa. Nikachora. Nikaandika mrowani, nikakutumia. Nilijua unavyopima. Kadi zote mezani, kitabu pembeni, moja baada ya nyingine. Ukifika ya pili tu, kama ulinidanganya, utaona, utanipigia simu. Kunitukana, kunililia, vyovyote. Nililala na simu chini ya mto wiki mbili."

Nilikuwa nautazama mkate. Sikuweza kuutazama uso wake.

"Gazeti likatoka. 'Kila kadi nimeifungisha ndoa na ukurasa wake.' Nilisoma nje ya duka, Senan mgongoni, nikalia watu wakanishika mikono wakidhani nimefiwa. Nilikuwa nalia kwa furaha! Nikasema Mama ameona. Ameangalia tawi lile lile na miiba yake, na amesema hakuna kasoro. Mwalimu alikosea, kuna mrowani wa aina nyingine, sijui, sikujali. Sikumuua baba. Nikawaambia Dublin wachape. Nikaja kwako. Ulidhani nilikuja kwa sababu ya sifa?"

Ndiyo, nilidhani hivyo. Nilidhani nimemnunua kwa sifa, na nikaona bei ni rahisi.

"Nikatundika tawi kwa mwanangu," Nessa akasema. "Kwa neno lako. Na leo umelitoa kama mtu anayetoa nyoka."

Damu yangu ilikuwa inadondokea taulo la mkate. Akaiona, akaendelea.

"Nakuuliza jambo moja. Ulizipanga zile kadi au hukuzipanga?"

Nilikuwa na uongo wa tatu tayari, mnaweza kuamini? Ulikuwa umeshafika kwenye meno. Nikamkumbuka bibi wa Corofin amegeukia ukuta.

"Sikuzipanga."

"Hata ya pili?"

"Sikulifungua kasha, Nessa. Lilikuwa na nailoni mpaka jana. Niliogopa nikiona kasoro nitaiandika, nikupoteze tena."

Akacheka. Si kile kicheko cha mlangoni. "Nilitia moyo wangu ndani ya kasha," akasema, "na wewe ukasifu kasha."

"Nisamehe, mwanangu."

"Bado. Hatujafika huko."

Akaenda kwenye rafu, akashusha seti yake, akahesabu kadi mbili kutoka juu. Ya kwanza akairudisha. Ya pili akaiweka mbele yangu, katikati ya mikate miwili, akaigeuza ili itazame upande wangu, akakifungua kitabu pembeni yake ukurasa wa mrowani. Kikakaa wazi chenyewe.

"Haya. Macho unayo, kadi unayo, mchana ni mweupe. Ipime."

"Kuna mambo ya siku ile ambayo lazima kwanza..."

"Mambo sikuombi. Miaka kumi na tisa unawapimia watu wa Clare nzima. Mimi nipimie moja tu. Huu ni mti gani?"

Chumbani Senan akaamka, akaanza kulia. Nessa hakugeuza hata shingo.

Nikaichukua kadi. Kwa mazoea nikaikunja kidogo, ikarudi. Kidole changu kikaacha alama nyekundu kwenye pembe. Nikaitazama ile miiba, alivyoichora mmoja mmoja kwa subira, na ule mpini uliogandishwa, na nyuma ya jagi, kwa mbali, kupitia kioo cha dirisha, kitu ambacho jana sikukiona kwa sababu ya machozi: umbo dogo sana la mwanamume, anatembea kuelekea kwenye geti.

Nilichelewa kujibu. Sijui ni muda gani. Ulitosha kuwa jibu.

Nilipoinua macho, Nessa alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, wima, miguu pamoja, hanitazami mimi, anatazama dirisha. Na taratibu, bila kuulizwa na mtu, mwanangu wa miaka thelathini na mmoja alikuwa anainua mkono.